UZI: Chokoleti za Februari 14 na marejesho ya Machi 14 huko Japani – aina, bei, mapishi na mitego yake

#1 Mtaa_wa_Hakata

Wakuu, heshima kwenu. Kila Januari ikikaribia kuisha yanarudi maswali yale yale kutoka kwa ndugu zetu walioko Japani kwa masomo au kazi: nimepewa chokoleti na dada wa ofisini, ana maana gani? Nirudishe nini, lini, cha bei gani? Nafungua uzi huu ili majibu yakae mahali pamoja. Wenye ujuzi wa jikoni, madukani na maofisini karibuni mmwage vitu, ila kwa vipimo na sababu, sio "nilisikia".

Msingi ni huu. Februari 14, Siku ya Valentino (ya wapendanao), anayetoa ni mwanamke, na anachotoa ni chokoleti. Maua na kadi vina nafasi ndogo sana siku hiyo. Mwanaume anapokea, anashukuru, basi. Zamu yake inafika mwezi mmoja baadaye, Machi 14, siku wanayoiita Howaito Dei, yaani Siku Nyeupe. Kurudisha huko kunaitwa okaeshi. Aliyepokea Februari akanyamaza Machi amebaki na deni, na wenzake wa ofisini wanalijua hata kama hakuna atakayelitaja.

Aina kubwa ni mbili. Honmei-choko ni ya mtu unayempenda kweli: mume, mchumba, au yule unayetaka ajue leo. Giri-choko ni ya wajibu: bosi, wafanyakazi wenzako, mwalimu, mteja. Giri haina mapenzi ndani yake hata chembe. Ni shukrani ya mwaka mzima wa kufanya kazi pamoja. Pembeni kuna tomo-choko (wasichana wanapeana wao kwa wao), jibun-choko (unajinunulia mwenyewe), na gyaku-choko, ya kinyume, mwanaume akitoa Februari. Siku hizi madukani jibun-choko ndiyo inayobeba masanduku ya bei kali, kwa sababu mtu hajibani anapojinunulia.

Kosa la wageni wengi ni kuichukua giri kama honmei. Lililo baya zaidi ni kuichukua honmei kama giri, maana hapo kuna mtu anayesubiri jibu.

#2 Karani_Osaka

Mkuu, nianze hapo hapo pa kutofautisha, maana ndipo watu wanapoumia.

Angalia mambo matatu kwa pamoja, usiangalie moja. Kwanza, wengine wamepata nini? Kama watu wote wa idara wana kiboksi kilekile chenye utepe uleule, hiyo ni giri, funga mjadala. Pili, umepewa wapi na saa ngapi? Giri inatolewa mchana kweupe: inaachwa juu ya meza asubuhi, au mtu anapita na mfuko anagawa wakati wa chai. Honmei inatafuta faragha: ngazi za dharura, njia ya kwenda stesheni, ujumbe wa "una dakika mbili baada ya kazi?" Tatu, sanduku lenyewe. Giri kwa kawaida ni ya yen 300 hadi 1,000. Honmei mara nyingi iko kati ya yen 2,000 na 5,000, na ikiwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono wala hamna haja ya kuuliza.

Iliyotengenezwa nyumbani ina mtego. Kati ya wanafunzi wa sekondari ni jambo la kawaida, msichana anapika trei nzima na kugawia darasa. Kwa watu wazima wa ofisini, kupika kwa ajili ya mtu mmoja ni ishara nzito. Ndiyo maana akina dada wanaojua mambo hawampi bosi kitu cha kupika wenyewe. Na wapo Wajapani wasiopenda kula kilichopikwa na mtu wasiyemzoea.

Kuna kampuni iliyoigeuza hofu hii kuwa biashara. Yuraku Seika, watengenezaji wa Black Thunder, ile chokoleti ya biskuti ya bei ya chini kabisa, walijitangaza kwa kauli kwamba ukiiona tu unajua ni giri. Ukipewa Black Thunder moja, kaka, lala usingizi.

#3 Pwani_hadi_Tokyo

Swali: haya yote yametoka wapi? Maana Wakristo Japani ni wachache mno, na Valentino alikuwa mtakatifu wa Roma.

#4 BintiKobe

Yametoka kwa wauza peremende, na wala hawafichi.

Tangazo linalotajwa kuwa la kwanza ni la Morozoff ya Kobe, Februari 1936, katika The Japan Advertiser, gazeti la Kiingereza lililosomwa na wageni waliokaa Japani. Halikuwashika Wajapani wenyewe. Mwaka 1958 kampuni ya Mary's iliweka meza ya mauzo ya Valentino katika duka la Isetan, Shinjuku, Tokyo. Hesabu yao inasimuliwa na kampuni yenyewe: vipande vitatu vya yen 50 na kadi moja ya yen 20, jumla yen 170 kwa siku zote za mauzo. Mwaka uliofuata wakaleta chokoleti ya umbo la moyo ambayo jina la mtoaji na la mpokeaji liliweza kuchorwa juu yake, wakaja na wazo la mwanamke kumtamkia mwanaume. Wateja wa maduka makubwa walikuwa zaidi wanawake, kwa hiyo tangazo lilielekezwa kwa aliyeshika pochi. Miaka ya 1970 ikawa desturi ya nchi nzima.

Siku Nyeupe nayo ina wadai wawili. Mmoja ni Ishimura Manseido, duka la peremende la Hakata, Fukuoka, lililoanza mwaka 1905. Mwaka 1978 walitangaza Machi 14 kuwa siku ya mashimalo, yale mapande meupe laini kama sifongo, yao yakiwa na chokoleti ndani. Maana yake: chokoleti uliyonipa naifunika kwa upole wangu nakurudishia. Mwingine ni chama cha kitaifa cha watengeneza peremende, kilichoanza kuiadhimisha 1980 kwa jina la Siku Nyeupe, wakisema nyeupe ni rangi ya sukari. Watu wa Fukuoka wanasema ni yao, watu wa chama wanasema ni yao. Mimi naona Hakata wana haki ya wazo na chama kina haki ya kulisambaza nchi nzima.

#5 Mtaa_wa_Hakata

@BintiKobe umenigusa jina. Ongeza na kichekesho chake: mashimalo ndiyo yaliyoanzisha siku, na leo ndiyo zawadi mbaya kuliko zote kurudisha. Kwenye orodha zinazozunguka mtandaoni yamepewa maana ya "sikupendi", kwa sababu yanayeyuka mdomoni na kupotea.

Orodha yenyewe inakwenda hivi. Pipi ngumu ni "nakupenda", kwa kuwa inakaa mdomoni muda mrefu. Kuki ni "tubaki marafiki", kavu na nyepesi. Makaroni za Kifaransa (zile duara mbili za mlozi zilizobana krimu, sio tambi) ni za mtu wa pekee, kwa kuwa ni ghali na ngumu kuzitengeneza. Karameli: najisikia salama nikiwa nawe. Gumi, zile pipi za kutafuna za jelatini, zimetupwa kundi moja na mashimalo. Baumkuchen, keki yenye pete kama za shina la mti, ni ya kuombeana miaka mingi. Mjerumani Karl Juchheim aliionyesha Hiroshima mwaka 1919, katika jengo ambalo magofu yake sasa ndiyo Kuba la Bomu la Atomiki. Chokoleti kwa chokoleti haina jibu maalumu, wengine wanaisoma kama kumrudishia mtu moyo wake. Nje ya vitu vitamu, epuka leso ya mkono, inahesabiwa kuwa ya kuagana.

#6 Karani_Osaka

Hapo nakupinga kidogo, mkuu. Orodha hiyo wanaijua zaidi vijana na wauzaji. Mama wa miaka 55 wa idara ya uhasibu akipewa kuki hatafikiri kitu. Kuki ndiyo marejesho salama kuliko yote kwa giri: haziyeyuki, zimefungwa moja moja, zinakaa wiki kadhaa. Isome orodha ukiwa unamrudishia mtu wa honmei, au msichana wa umri unaofuatilia mambo haya. Kwa wengine wote kinachosomwa ni bei na wakati.

Bei sasa. Kuna msemo wa sanbai-gaeshi, kurudisha mara tatu. Usiufuate kwa kichwa kimoja. Kwa giri ya yen 500, rudisha ya yen 500 hadi 1,000. Ukirudisha ya yen 3,000 umemtwisha mzigo, na ataanza kujiuliza unamtaka nini. Kwa honmei ya yen 3,000 kutoka kwa mtu mnayependana, toa ya thamani hiyo au zaidi kidogo, na wengi huongeza chakula cha jioni au kitu kidogo cha kudumu. Kinachokera ni kurudisha pungufu kwa makusudi. Bei anaijua, masanduku haya yako kwenye kila tovuti.

Kama walichanga, yaani akina dada sita wameweka mchango na kununua sanduku moja la wanaume wote, nanyi wanaume changeni. Nunueni sanduku moja la vipande vilivyofungwa kimoja kimoja, hesabuni watu halafu ongezeni viwili au vitatu, kwa sababu daima kuna mfanyakazi wa muda aliyesahauliwa. Liwekeni mahali pa chai na karatasi ndogo ya kusema limetoka kwa nani. Usirudishe peke yako chinichini, utawaaibisha wenzako.

Tarehe: katika mwaka usio mrefu, Februari 14 na Machi 14 zinaangukia siku ileile ya wiki, kwa kuwa Februari ina siku 28 kamili. Mwaka 2026 zote ni Jumamosi, 2027 zote ni Jumapili. Ofisini maana yake giri inapungua sana miaka hiyo, na inayotolewa inatolewa Ijumaa. Rudisha Ijumaa pia. Ukichelewa, ndani ya wiki moja bado inasameheka ukisema "osoku natte sumimasen" (samahani nimechelewa). Kuwahi siku mbili tatu hakuna ubaya.

#7 Pwani_hadi_Tokyo

Na makampuni yanayokataza giri? Nasikia kuna tangazo lililoleta kelele.

#8 BintiKobe

Ni la Godiva Japani, wauza chokoleti, Februari 1, 2018, ukurasa mzima wa gazeti la Nikkei: Japani, tuache giri-choko. Walisema wanawake wanaumia kichwa kupanga nani apewe nini, na kwamba mabosi wawaambie wasijilazimishe. Wengi walipiga makofi, wengine wakakumbusha kwamba chokoleti zao si za bei ya giri hata kidogo, kwa hiyo walichoomba kiachwe ni soko la mwingine. Zipo ofisi zinazokataza kabisa. Mgeni afanye nini? Amuulize mwenyeji wa idara mapema, kabla ya kununua: "hapa tunapeana?" Likiwa jibu ni hapana, usiwe shujaa.

Kwa anayenunua: depachika, yaani sakafu ya chakula iliyo chini ya ardhi katika maduka makubwa ya ghorofa, inatosha kwa giri. Kwa honmei na jibun-choko kuna maonyesho maalumu kuanzia nusu ya pili ya Januari. Salon du Chocolat ya Paris iliingia Tokyo kupitia Isetan mwaka 2003, na Nagoya kuna Amour du Chocolat ya duka la Takashimaya lililo stesheni, maarufu kwa mauzo makubwa kuliko mengine yote nchini. Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Wiki ya Februari 10 hadi 14 ukitaka aina fulani utakuta tangazo la "imekwisha".

Vitu vidogo vya kaunta. Kwa chokoleti za krimu muuzaji atakuuliza utatembea nazo muda gani, ajue aweke barafu ya pakiti ngapi. Jibu kwa saa, usiseme tu "sawa". Omba mifuko midogo ya karatasi sawa na idadi ya watu utakaowapa, maana kumkabidhi mtu boksi peke yake bila mfuko kunaonekana pungufu. Maduka mengine yanatoza. Risiti itoe mfukoni mwa zawadi kabla hujaondoka kaunta. Karatasi za heshima za noshi, zile za arusi na sherehe za mwaka, hazihitajiki hapa. Kuhusu namba 4 na 9 zenye sauti ya kifo na mateso: masanduku ya vipande vinne na tisa yanauzwa kila kona na vijana hawajali. Kwa mzee chukua vitano au sita, haikugharimu kitu.

#9 Fundi_Kakao

Nimekaa kimya nikisubiri jiko. Tuingie.

Kinachopikwa sana nyumbani ni nama-choko, chokoleti laini ya krimu. Kwa kanuni za wenye viwanda wa Japani, jina hilo linataka chokoleti isiyopungua asilimia 60 ya uzito wote, krimu asilimia 10 au zaidi, na maji asilimia 10 au zaidi. Maji hayo ndiyo yanayoifanya laini, na ndiyo yanayoifanya iharibike haraka.

Vipimo: chokoleti nyeusi gramu 200, krimu mililita 100, unga wa kakao usio na sukari vijiko viwili vya chakula. Mabamba ya kawaida ya madukani ni kama gramu 50 kila moja, basi manne. Ukitumia chokoleti ya maziwa punguza krimu hadi mililita 80. Nyeupe, hadi 60 au 65. Hizo mbili zina kakao kidogo ya kushikilia, ukiweka 100 haitaganda kamwe, utabaki na mchuzi.

Krimu soma pakiti. Inayotakiwa imeandikwa 種類別 クリーム (aina: krimu), ya maziwa halisi, mafuta asilimia 35 au zaidi. Iliyoandikwa ホイップ kwa kawaida imetiwa mafuta ya mimea. Hiyo ni ya kupamba keki na inakatika kirahisi.

Katakata chokoleti vipande vidogo sana, kama punje za mahindi. Weka kwenye bakuli kavu. Chemsha krimu mpaka pembeni mwa sufuria paanze kutoa vipovu vidogo, zima. Usiache itokote. Mimina yote kwa mpigo juu ya chokoleti, subiri dakika moja bila kugusa. Kisha koroga kwa mwiko wa mpira kuanzia katikati, duara ndogo, ukipanua taratibu hadi iwe nyororo na ing'ae. Usipige kwa nguvu, utaingiza hewa. Mimina kwenye trei ya sentimita 12 kwa 14 iliyotandikwa karatasi ya kuokea, unene utafika karibu sentimita moja na nusu. Friji saa mbili hadi tatu. Toa, pasha kisu kwa maji ya moto, kifute kikauke kabisa, kata. Rudia kupasha na kufuta kila mkato. Mikato minne kila upande inakupa vipande 25. Nyunyizia kakao kwa chujio.

Yanayoharibika. Mchanganyiko ukikatika, yaani mafuta yakaelea na ukaonekana wa chengachenga, ni kwa sababu krimu ilikuwa ya moto mno au ilipungua kwa kuchemka. Tia kijiko kimoja cha chai cha maziwa ya uvuguvugu, koroga katikati, ongeza kingine ikibidi, hurudi. Kakao ikilowa na kuwa matope juu ya vipande, ulinyunyizia mapema. Nyunyizia siku ya kutoa. Maisha yake ni siku tatu hadi nne ndani ya friji, chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo pika Februari 12 au 13, sio wikendi iliyotangulia.

#10 Pwani_hadi_Tokyo

Fundi, na ile ya kuyeyusha na kumimina kwenye vibati vya moyo? Inaonekana rahisi ila inatoka na weupe.

#11 Fundi_Kakao

Hiyo ndiyo inayowaumbua watu wengi kuliko nama-choko, japo inaonekana ya watoto.

Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti. Moja tu, la tano, ndilo linalotoa mng'ao, mlio wa "tak" ukivunja, na kuyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani mdomoni lakini sio mkononi upesi. Ukiyeyusha na kuiacha igande yenyewe unapata mchanganyiko wa maumbo dhaifu; baada ya siku mbili mafuta yanapanda juu na kuacha weupe. Haina sumu, inalika. Ila mpokeaji ataona ukungu.

Dawa ni kuipitisha kwenye ngazi za joto, kwa kipimajoto. Chokoleti nyeusi: yeyusha hadi 45–50, shusha hadi 27–28, pandisha hadi 31–32, mimina. Ya maziwa: 40–45, kisha 26–27, kisha 29–30. Nyeupe: karibu 40, kisha 25–26, kisha 28–29. Ukivuka ile ngazi ya mwisho hata kwa nyuzi tatu, umbo zuri linayeyuka na unaanza upya.

Njia rahisi ya nyumbani: yeyusha theluthi mbili juu ya maji ya nyuzi 50 hadi 60 (sio yanayochemka), toa bakuli, tia theluthi iliyobaki iliyokatwa laini ambayo tayari ina umbo zuri la kiwandani. Koroga mpaka ishuke kwenye joto la kufanyia kazi. Pima kwa kupaka kidogo kwenye kisu: ikikauka na kung'aa ndani ya dakika tano hivi, mimina.

Adui mkubwa ni tone la maji. Tone moja, hata mvuke wa sufuria, linashikisha sukari na chokoleti inakuwa kama ugali mkavu. Bakuli liwe pana kuliko sufuria ili mvuke usiingie. Ikishashikana hairudi kuwa ya kumimina. Iongezee krimu uifanye nama-choko au mchuzi wa keki.

Usiyetaka shida hii nunua chokoleti ya kupakia, yenye mafuta ya mimea, imeandikwa コーティング. Inaganda bila ngazi zozote. Ladha ni ya chini, macho hayajui. Vibati, vijiboksi na tepe viko kwenye maduka ya yen 100.

#12 Abu_Nagoya

Assalamu alaykum. Naongeza la Waislamu, maana halijaguswa na linawahusu wengi humu.

Kileo kwanza. Chokoleti nyingi za krimu na za kujazwa zina kiasi cha pombe hata kama boksi halina picha ya chupa. Tafuta 洋酒 (yoshu), ラム酒 (ramu), ブランデー (brandi), リキュール (likeri). Mara nyingi mbele kuna onyo dogo kwa watoto, wajawazito na madereva. Ukiliona, jibu umelipata. Pili, jelatini: ゼラチン. Ipo kwenye mashimalo, gumi na keki za krimu za kugandishwa. Neno hilo peke yake halisemi mnyama gani. Likifuatwa na 豚 ni nguruwe. ショートニング katika kuki ni mafuta ya kuokea, nayo huandikwa au isiandikwe asili yake. 乳化剤 (kiunganisha mafuta na maji) kwenye chokoleti mara nyingi ni ya soya; ukiona 大豆 imeandikwa hapo, ndiyo soya.

Ukipewa yenye kileo, pokea kwa mikono miwili, shukuru, usiifungue hapo wala kutoa mhadhara. Marejesho unadaiwa vilevile. Ukiwa wewe ndiye unayemnunulia Mwislamu mwenzako, chokoleti nyeusi tupu ya bamba ndiyo yenye orodha fupi kuliko zote.

Kalenda: 2026 Machi 14 iko ndani ya Ramadhani, na 2027 ni Februari 14 inayoangukia humo. Hakuna anayelazimika kula papo hapo. Kwa Wajapani kuifungua mbele ya mtoaji si sharti.

Na wenye mzio: mlozi na karanga viko kila mahali. Jozi, くるみ, imeongezwa kwenye vitu vya lazima kuandikwa kwa sheria ya 2023. Tarehe nazo ni mbili tofauti: 賞味期限 ni mwisho wa ubora, 消費期限 ni mwisho wa usalama. Ya pili usiipuuze.

#13 Mkulima_wa_Kilombero

Pembeni kidogo kwa fahari yetu. Kakao nyingi ya Japani inatoka Ghana, hadi kampuni ya Lotte wana chokoleti inayoitwa Ghana tangu 1964. Lakini kakao ya Kilombero, Tanzania, inayochachushwa na kampuni ya Kokoa Kamili pale Mbingu, imefika kwenye mabamba ya Dandelion Chocolate, ambao wana kiwanda Kuramae, Tokyo, tangu 2016. Kwa mtu anayependa kujua kitu kimetoka wapi, bamba lililoandikwa タンザニア (Tanzania) ni zawadi yenye mazungumzo ndani yake.

Bei ya kakao duniani ilipita dola 12,000 kwa tani mwishoni mwa 2024, ndiyo sababu masanduku yamepungua vipande na maduka yanasukuma zaidi keki kavu na kuki hata Februari.

#14 Pwani_hadi_Tokyo

La mwisho kwangu, na ni la jamaa yangu: amepewa honmei, kadi juu, na hana hisia hizo. Arudishe mashimalo aeleweke?

#15 Karani_Osaka

Hapana. Dada anaweza kuwa mtu wa Fukuoka anayeyapenda, au hajawahi kusoma orodha hiyo, akafurahi. Au anaijua, akaona amedhalilishwa kwa fumbo.

Kama kadi inaomba jibu, asisubiri mwezi mzima. Amjibu ndani ya siku chache, ana kwa ana au kwa ujumbe kama ndivyo wanavyowasiliana: ashukuru kwa hisia zake, kisha aseme "gomen nasai" (samahani) na kwamba hawezi kuzipokea. Machi bado arudishe, maana chokoleti aliila. Kuki za thamani ileile, mfuko wa kawaida wa dukani, bila kadi, atoe mchana mbele ya watu wakati anawapa wengine. Akisema "Barentain no okaeshi desu" (ni marejesho ya Valentino) inatosha.

#16 BintiKobe

Na kama chokoleti iliachwa bila jina kwenye kabati lake la viatu shuleni, hana wa kumrudishia, asihangaike kuwauliza wasichana mmoja mmoja. Shule nyingi zinakataza kuleta vitu vitamu, akipiga kelele atamponza aliyeiweka.